Koplo wa Bububu Asisahauliwe

Kila mwaka tarehe 17 Oktoba hupita katika visiwa vyetu kama zipitavyo siku nyingine. Soko la Darajani hufunguliwa, vyombo huondoka bandarini na kurejea, watoto huenda skuli, na watumishi wa Serikali huingia afisini mwao. Si siku ya mapumziko, wala bendera haishushwi nusu mlingoti. Lakini usiku wa tarehe hiyo, mwaka 2012, askari wa Jeshi la Polisi mwenye cheo cha koplo aliuawa kwa kukatwa mapanga huko Bububu, kilomita chache tu kaskazini ya Mji wa Zanzibar. Zaidi ya miaka kumi imekwisha pita. Tunaona wakati umefika wa kulisema jambo hili bila ya kigugumizi: mtu huyo alikufa akiwa mtumishi wetu sote, na sisi sote tuna deni kwake ambalo bado hatujalilipa.

Jina lake hatuliandiki hapa. Jina la marehemu ni amana ya watu wake kabla ya kuwa mali ya magazeti, na tungependa litakapotajwa tena hadharani litajwe kwa ridhaa yao, mahali pa heshima, na kwa kauli ya Serikali yenyewe. Leo tunazungumzia deni, na gazeti si mwenye kudai deni hili. Wenye kudai ni mayatima na wajane, na kwa hakika ni kila askari ambaye usiku wa leo atavaa sare yake, atawaaga watoto wake na kwenda lindoni.

Inafaa tukumbushane yaliyotokea, maana wako vijana wanaopiga kura hivi leo ambao wakati ule walikuwa watoto wa skuli ya msingi. Mwaka 2012 ulikuwa mwaka mzito. Miaka miwili tu kabla yake, tarehe 31 Julai 2010, wananchi walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 66 wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Wengi wetu tuliamini kwamba fitina imekwisha zikwa. Lakini mwishoni mwa Mei 2012 ghasia zilizuka mjini na makanisa yakatiwa moto. Tarehe 18 Julai meli ya Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, na misiba ikatanda majumbani kabla ya machozi ya Spice Islander ya Septemba 2011 kukauka. Mwezi wa Septemba ukafanyika uchaguzi mdogo wa Jimbo la Bububu, nao haukupita bila ya mivutano na vurugu. Nyoyo za watu zilikuwa zimejaa, na chombo kilichojaa humwagika kwa mtikisiko mdogo.

Mtikisiko huo ulikuja siku ya Jumanne, tarehe 16 Oktoba. Siku hiyo Sheikh Farid Hadi Ahmed, kiongozi wa Jumuiya ya Uamsho, alitoweka. Kabla jua la pili halijachwa, mji wote ulikuwa umejaa maneno. Huyu alisema sheikh amekamatwa, yule alisema amesafirishwa, na wa tatu akaapa kwamba amekwisha uawa. Vijana walitoka mitaani, barabara zikazibwa kwa mawe na magurudumu yanayowaka, na polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi. Ni katika usiku wa Jumatano hiyo, wakati jeshi lake likiwa katika kazi ya kutuliza ghasia, ndipo koplo wa Bububu alipokutwa na mauti yake.

Siku ya Ijumaa, tarehe 19, sheikh alionekana tena, yu hai. Yeye alieleza kwamba alikuwa ameshikwa na watu, na polisi wakakana kumshika. Hatukusudii kuifungua tena kesi hiyo katika safu hii. Tunataka kila msomaji apime jambo moja tu. Mtu ambaye mji ulimlilia kuwa amekufa alirejea nyumbani kwake baada ya siku tatu. Koplo hakurejea. Kilichosimama baina ya watu hao wawili ni uvumi, na uvumi huo ulitoka katika vinywa vyetu wenyewe, barazani na masokoni, ukipokewa na kupokezwa na watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyeona lolote kwa macho yake.

Katika wiki hiyo hiyo nchi yetu ilipata msiba mwingine wa aina hii. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Oktoba, huko Kitangiri katika mji wa Mwanza, Kamanda wa Polisi wa Mkoa, Liberatus Barlow, aliuawa kwa kupigwa risasi. Basi ndani ya siku tano Jeshi la Polisi lilimpoteza kamanda wa mkoa upande wa Ziwa na koplo upande wa Bahari. Jina la kamanda linajulikana nchi nzima, na hapana ubaya katika hilo, kwa sababu alistahili. Lakini twauliza: je, ni wangapi katika wasomaji wa gazeti hili, wakaazi wa visiwa hivi, wanaoweza kulitaja jina la koplo aliyeuawa hapa hapa kwetu? Risasi haiulizi cheo, na panga haliulizi mshahara. Iweje basi kumbukumbu zetu ndizo ziulize?

Hili ni jambo ambalo viongozi wa Serikali wanapaswa kulitazama kwa makini. Mzigo mkubwa wa kazi ya polisi haubebwi na makamanda. Hubebwa na konstebo, koplo na sajenti. Wao ndio wanaosimama barabarani wakati wa jua kali na wakati wa mvua za masika. Wao ndio wanaotumwa usiku kwenda kuamua ugomvi wa mume na mke, kumfuata mwizi katika mashamba ya mikarafuu, kulinda masanduku ya kura, na kupokea maiti ufukweni siku meli inapozama. Mwenye cheo kikubwa huwa na dereva, mlinzi na simu ya kuita msaada. Koplo huwa na virungu na wenzake wawili watatu, na mara nyingine huwa na nafsi yake tu. Akifa, gazeti huandika "askari mmoja ameuawa", na kesho yake kurasa hugeuka.

Orodha ya walioandikwa hivyo katika nchi yetu si fupi. Tarehe 12 Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa na majambazi waliotafuta silaha, na askari wanne wakauawa pamoja na raia watatu. Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane waliviziwa na kuuawa huko Kibiti, mkoa wa Pwani, wakirejea kutoka lindoni. Tarehe 25 Agosti 2021 askari watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi waliuawa kwa risasi mchana kweupe katika barabara ya Dar es Salaam. Ukizijumlisha siku hizo tatu tu, utapata askari kumi na watano. Kila mmoja wao alikuwa na mama, na wengi walikuwa na watoto wadogo waliokaa wakisubiri mlango ufunguliwe.

Tunajua vyema kwamba wako watakaoyasoma maneno haya kwa uchungu wa namna nyingine, nao hatutaki kuwapita kama kwamba hatuwaoni. Watauliza: Je, na sisi tuliofiwa kwa risasi za polisi, nani atatukumbuka? Swali hilo ni la haki, na gazeti lisilothubutu kulijibu halistahili kusomwa. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 raia waliuawa Unguja na Pemba katika maandamano, na wengine kwa mamia wakavuka bahari kwenda Shimoni, nchini Kenya, wakawa wakimbizi kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii. Askari wa polisi naye aliuawa huko Micheweni. Na wiki sita tu kabla ya msiba wa Bububu, tarehe 2 Septemba 2012, mwandishi mwenzetu wa habari, Daudi Mwangosi, aliuawa na bomu la machozi akiwa kazini katika kijiji cha Nyololo, mkoa wa Iringa. Sisi tulio katika kazi hii hatumsahau. Mwaka 2016 Mahkama Kuu ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila ya kukusudia, ikamhukumu kifungo cha miaka kumi na mitano.

Basi hatuandiki tahariri hii kwa kudhani kwamba kila mwenye sare ni malaika. Tunaiandika kwa sababu tunaamini kwamba huzuni si mali ya chama, wala si karamu ambayo mmoja akila mwenzake atakosa. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ukweli wa methali hiyo unatugusa pande zote mbili. Mwenye kufurahi askari anapokatwa mapanga hana haki ya kulalamika raia anapopigwa risasi, na mwenye kunyamaza raia anapouawa hana haki ya kutaka mji mzima umlilie askari. Anayetaka damu ya jamaa yake iheshimiwe na aanze kuiheshimu damu ya jirani yake. Haya ndiyo maridhiano tuliyoyapigia kura mwaka 2010, na kama hayakufika makaburini basi hayajafika popote.

Lipo jambo jingine linalohitaji kusemwa waziwazi. Polisi ni miongoni mwa mambo ya Muungano, na wako wananchi hapa Visiwani ambao kwa sababu hiyo humtazama askari kama mtu wa kuja, anayetumwa na wengine kwa kazi ya wengine. Twauliza: koplo wa Bububu alikuwa mtu wa kuja kwa nani? Katika nembo ya Jeshi la Polisi yameandikwa maneno matatu ya Kiswahili ambayo mtoto yeyote anaweza kuyasoma: Usalama wa Raia. Hayakuandikwa kuwa ni usalama wa chama, wala wa bara, wala wa kisiwa. Mwenye duka aliyefunga mlango wake usiku ule akalala na watoto wake alilindwa na watu wa aina ya koplo huyo, hata ikiwa asubuhi yake aliamka na kuwatukana. Fadhila za punda ni mateke, lakini haifai tabia ya punda kuwa tabia ya watu waliostaarabika.

Mataifa mengine yamekwisha kuliona jambo hili, nayo hayakuliachia huruma ya mtu mmoja mmoja. Huko Marekani, Rais John Kennedy aliitangaza tarehe 15 Mei kuwa siku ya kuwakumbuka askari polisi waliokufa kazini. Hilo lilikuwa mwaka 1962. Tangu mwaka 1991 upo ukuta mjini Washington ambao majina ya marehemu hao huchongwa, na kila mwaka, mwezi wa Mei, majina mapya huongezwa. Uingereza iliadhimisha siku yake ya kitaifa kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Australia na New Zealand huadhimisha siku hiyo tarehe 29 Septemba. Jirani zetu wa Kenya wana siku yao ya mashujaa tarehe 20 Oktoba. Na sisi wenyewe tunayo Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, ambapo Rais huweka mkuki na ngao penye mnara kwa heshima ya waliofia nchi. Ni siku njema. Lakini katika siku hiyo fikra za watu huelekea zaidi kwenye vita na mipaka, kwa askari wa jeshi la ulinzi. Koplo aliyekufa katika mtaa wa nchi yake mwenyewe, kwa mkono wa mtu aliyesema lugha moja naye, hapati nafasi kubwa katika fikra hizo.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yetu kwa wahusika, tukitumaini kwamba hayatawekwa kabatini.

Kwanza, tunaomba liwekwe jiwe la kumbukumbu katika Makao Makuu ya Polisi Ziwani. Majina ya askari wote waliouawa wakiwa kazini katika visiwa hivi, Unguja na Pemba, yachongwe humo. Tunasisitiza kwamba yapangwe kwa tarehe ya kifo na si kwa ukubwa wa cheo, ili konstebo na kamishna, kama wote wamekufa kwa kazi hiyo moja, wakae katika mstari mmoja. Hili halihitaji fedha nyingi. Mafundi wa kuchonga mawe na mbao hawajapata kuadimika Zanzibar. Na kila mwaka, siku moja ikubaliwe, wakuu wa vikosi, wakuu wa mikoa, viongozi wa vyama vyote na jamaa za marehemu wakutane hapo. Masheikh wasome dua, mapadri waombe sala, na majina yasomwe yote kwa sauti.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, tuwatazame wajane. Jiwe halipiki chakula. Askari anapokufa, mkewe, akiwa Muislamu kama walivyo wengi hapa, hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Katika muda huo anatakiwa abaki nyumbani, na ndio muda huo huo anapohitajiwa cheti cha kifo, cheti cha ndoa, hati ya mirathi kutoka Mahkama ya Kadhi, picha, saini na fomu kadha wa kadha. Kila mwenye uzoefu wa afisi zetu anajua jinsi jalada linavyoweza kulala, na akikumbuka kwamba jambo la Muungano huenda likahitaji saini upande wa pili wa bahari, ataona wepesi wa jalada hilo kulala usingizi mzito zaidi. Haifai hata kidogo mjane wa askari kutoka kijiji cha Pemba avuke hadi Unguja, na kutoka Unguja avuke hadi Dar es Salaam, akiwa na mtoto mgongoni, kwenda kuomba kilicho haki yake. Yeye hakumpeleka mumewe lindoni. Serikali ndiyo iliyompeleka. Basi Serikali nayo na iende kwake.

Tunashauri kila askari anapouawa kazini ateuliwe mara moja afisa mmoja, kwa jina lake, mwenye jukumu la kuifuata familia hiyo mlangoni mwake, akisaidiwa na sheha wa shehia. Afisa huyo akusanye karatasi zote ndani ya siku za eda, ili eda inapokwisha haki nazo ziwe zimekwisha tayarishwa. Asiondoke katika kazi hiyo mpaka mtoto wa mwisho wa marehemu awe amemaliza skuli. Na asiambiwe mtu kwamba afisa huyo amehamishwa na jalada halionekani. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali akaingia. Lakini Serikali haiwezi kujihesabu kuwa ni wa mbali katika msiba wa mtumishi wake. Katika matanga haya Serikali nayo ni mfiwa.

Tatu, Serikali iuue uvumi kabla uvumi haujaua watu. Siku tatu za Oktoba 2012 zinatosha kuwa somo. Anapotoweka mtu mashuhuri, kimya cha wakubwa si hekima. Kila saa inayopita bila ya kauli rasmi, iliyo wazi na ya kweli, ni saa ambayo baraza zitajijaza wenyewe kwa maneno yao. Siku hizi, ambapo neno husafiri kwa simu kutoka Mkoani hadi Nungwi kabla mtu hajamaliza kikombe chake cha kahawa, saa moja ya kimya ni nyingi kuliko siku nzima ya zamani. Na kauli hiyo isiwe ya vitisho. Wananchi wakiambiwa ukweli mapema, hata ukweli mchungu, husikiliza. Wakitishwa, hutoka mabarazani, na anayekutana nao njiani si mkubwa aliyenyamaza bali ni koplo.

Nne, tunawageukia wazee wetu, maimamu, mapadri, walimu na masheha. Vijana walioshika mapanga usiku ule hawakushuka kutoka mbinguni. Walikuwa watoto wa watu, wenye mitaa yao na majina yao. Wako wazazi wanaodhani kwamba kazi ya malezi humalizika mtoto anapoota ndevu. Kijana anayesikia kila siku barazani kwamba askari si mtu, ipo siku atalichukua neno hilo kwa uzito wake. Kadhalika kijana wa polisi anayefundishwa chuoni kwamba raia ni adui, ipo siku naye atalitenda hilo alilofundishwa. Ile mipango ya polisi jamii na ulinzi shirikishi, ambayo imezungumzwa sana tangu miaka ya 2000, haina maana nyingine zaidi ya kuwafanya watu hawa wawili wajuane kwa majina. Ni vigumu kumkata kwa panga mtu ambaye juzi alikusaidia kumtafuta ng'ombe wako aliyepotea, na ni vigumu kumpiga rungu mtu ambaye mlifuturu naye sahani moja.

Tano, na mwisho, twasema na Jeshi la Polisi lenyewe. Heshima ya marehemu wenu imo mikononi mwenu kuliko ilivyo mikononi mwetu. Kila askari anayemuonea raia, anayepokea rushwa, au anayetumia nguvu pasipohitajika, huchukua patasi akafuta jina moja katika jiwe tunalolitaka. Na kila askari anayestahamili matusi bila ya kupoteza akili yake, anayemkamata mtuhumiwa na kumfikisha mahkamani akiwa mzima, huwachongea wenzake waliotangulia kumbukumbu ambayo haifutiki kwa mvua wala jua. Damu ya askari aliyeuawa hailipwi kwa kuwapiga vijana wa mtaa mzima. Hulipwa kwa upelelezi wa kweli, kwa ushahidi, na kwa hukumu iliyotolewa na hakimu mbele ya watu. Kisasi kikichukua nafasi ya sheria, basi huwa kimemuua koplo mara ya pili, kwani alichokuwa akikilinda ndicho kilichovunjwa.

Yako mambo ambayo taifa dogo kama letu haliwezi kushindana na mataifa makubwa. Hatuna fedha zao wala majumba yao. Lakini katika kujuana na kuzikana, watu wa visiwa hivi hawajapata kushindwa na mtu. Hapa kwetu jeneza linapopita, anayemjua marehemu na asiyemjua wote huinuka, wakalibeba hatua saba, kisha wakawapisha wengine. Hatuulizi marehemu alikuwa chama gani, wala alizaliwa kisiwa gani. Tunatia bega letu chini ya jeneza na kwenda. Desturi hiyo ndiyo tunayoomba ifanywe kwa koplo wa Bububu na kwa wenzake wote. Jeneza lao limebebwa kwa miaka mingi na jamaa zao peke yao, nao wamechoka. Sasa ni zamu ya Serikali na zamu yetu sisi wananchi kutia mabega.

Mwenyezi Mungu awarehemu askari wote waliokufa katika kuwalinda raia, awarehemu na raia wote waliokufa bila ya hatia, awape subira waliobaki, na avijaalie visiwa vyetu amani isiyohitaji damu ya mtu yeyote. Amin.